Usukani wa Mama Mkwe

Kwa miaka tisa ya kwanza ya ndoa yangu, nilimjua mama mkwe wangu kwa sauti na kwa mgongo. Nikifika kwake, nje kidogo ya Tawa, alikuwa ananiona tangu langoni, anakaza kitambaa chake kichwani, anaingia jikoni. Salamu zake zililetwa na mke wangu: mama anauliza kama mmefika salama, mama anauliza kama watoto wanakula vizuri. Mimi nilijibu kwa njia hiyo hiyo. Hatukuwa na ugomvi wowote. Kwetu Wakamba jambo hilo huitwa nthoni, ile haya ya heshima kati ya mwanamume na mama aliyemzaa mke wake. Sote wawili ni watu wa kanisa, na mchungaji alishasema mbele yetu kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini miguu yetu haikumsikia. Yeye akitokea mlango huu, mimi nilitoka kwa ule.

Siku hizi gereji yangu hapa Kabati inapata pikipiki zaidi kuliko kitu kingine. Kuna saa za mchana nakaa tu kwenye benchi nikifuta spana ambazo tayari ni safi, na hapo ndipo ile wiki ya Tawa hunijia. Sikujua wakati ule kwamba ningeikumbuka namna hii.

Mama mkwe alikuwa na trekta ndogo, ya zile zinazoletwa kutoka ng'ambo zikiwa zimetumika. Fupi, nyembamba, magurudumu ya mbele yanakufika gotini tu. Yeye na mumewe waliinunua baada ya kiangazi kibaya kumaliza ng'ombe wao wa kulima. Mzee aliiendesha misimu michache, kisha akaanza kuugua, na katika miezi yake ya mwisho ndipo alipomfundisha mkewe. Alipozikwa, watu walidhani trekta itauzwa. Badala yake mama alivaa suruali ya marehemu chini ya rinda lake, akavaa gambuti, akaweka kofia ya marehemu juu ya kitambaa chake, akaingia shambani. Alilima kwake, akalima kwa majirani, na kila msimu alilima shamba la akina mama wa kanisa kabla ya la mtu mwingine yeyote. Mimi hayo yote niliyasikia kwa mke wangu. Kuyaona kwa macho ningeyaonea wapi?

Shamba lake limekatwa matuta kwenye mteremko, kama ngazi. Kila ngazi ni nyembamba, na ukingo wake unashuka karibu kimo cha mtoto. Kulima pale kunataka gurudumu la mbele liende pale unapoliambia. Mwezi wa kumi mwaka ule, watu wakiwa wanakimbizana na mvua, gurudumu lake la kushoto liliteleza ukingoni. Trekta ikainama, ikakaa hivyo, jembe la nyuma likaizuia isibingirike. Mama alizima injini, akashuka upande wa juu, akaenda kuwaita watu waivute kwa kamba. Alipompigia mke wangu jioni alizungumza kwanza habari za mbuzi, kisha habari za ibada ya wanawake, na mwisho kabisa akasema trekta ilitaka kuanguka.

Mke wangu alikata simu, akaniangalia.

"Wewe ni fundi," akasema. "Enda."

Nilimuuliza nani atakuwepo. Yeye alikuwa na zamu katika zahanati wiki nzima. Kaka yake yuko Mombasa. Kibarua wa mama alikuwa ameenda kupanda kwake. Nikasema basi tungoje wikendi, twende pamoja. Akasema mvua haina wikendi. Nilibeba vifaa vyangu kwenye gunia, nikalifunga nyuma ya pikipiki, na kesho yake asubuhi nikavuka mto Athi nikielekea Tawa. Njia nzima nilifikiria mambo ya kumwambia mama mkwe, nikakosa hata moja.

Nilikuta kiti kimewekwa kivulini kando ya trekta, na juu ya stuli chupa ya chai na kikombe kilichofunikwa kwa kisahani. Yeye mwenyewe hakuwepo. Nilijua yuko jikoni kwa sababu moshi ulikuwa unatoka. Nikasalimia kwa sauti kuelekea huko, naye akaitikia kutoka ndani, na salamu zikaishia hapo.

Nilipanda kwenye kiti cha trekta nikashika usukani. Niliuzungusha karibu robo ya mzunguko kabla magurudumu hayajahisi kitu. Nilishangaa jinsi alivyokuwa akilima na chombo kile. Usukani ukilegea hivyo, tatizo linaweza kuwa mahali pengi. Kuna sanduku la gia chini ya usukani wenyewe. Kuna tairodi, yaani ile fimbo ya chuma inayoshika gurudumu la kushoto na la kulia ili yageuke pamoja, na kila ncha yake ina kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe. Kuna kingpini, ule mhimili uliosimama wima ambao gurudumu hugeukia. Kujua ni kipi kimelika, lazima mtu mmoja auchezeshe usukani, kushoto na kulia kidogo kidogo, na mwingine alale chini aangalie ni wapi chuma kinasogea bure.

Mimi nilikuwa mtu mmoja. Niliuchezesha usukani, nikaruka, nikajitupa chini, nikakuta kila kitu kimetulia. Nikafunga kamba kwenye usukani nikaivuta nikiwa nimelala. Kamba ikanyoosha usukani upande mmoja ikakataa kurudi. Nilifanya hivyo mara tatu au nne. Nilikuwa nimelowa jasho na nimejaa vumbi hadi masikioni, na chai ilikuwa inapoa. Nikasikia gambuti zinakuja.

Alizunguka kwa upande wa pili, akapanda, akavuta rinda lake vizuri juu ya ile suruali, akashika usukani. Alikuwa anatazama mbele moja kwa moja, kwenye vilima vya Mbooni, kama mtu anayeendesha gari barabarani. Mimi nilikuwa nimelala chini ya injini. Nilichoona ni soli za gambuti.

"Niambie nigeuze wapi," akasema.

Ukiondoa kuitikia salamu, hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia mimi mwenyewe, bila mtu katikati. Nikamwambia kushoto kidogo, mama. Akageuza. Nikamwambia kulia. Akageuza. Tulizungumza hivyo kwa muda, kushoto, kulia, tulia hapo, na polepole nikaanza kuona. Ncha zote mbili za tairodi zilikuwa zimekwisha. Vichwa vilikuwa vinagonga ndani ya vikombe vyake. Kingpini ya kushoto ilikuwa inayumba kwa sababu bushi zake, zile pete za shaba zinazoishika, zimelika upande mmoja zikawa kama yai. Sanduku la juu lilikuwa zima kabisa. Nilimweleza kila kitu kadiri nilivyokiona. Alisikiliza, kisha akaniuliza kama grisi ingeizuia hali hiyo. Nikasema ndiyo, kama ingetiwa mara kwa mara. Halafu akasema kwamba mzee alikuwa anatia grisi kila Jumamosi, na kwamba yeye alifundishwa kuendesha, lakini mambo ya grisi hawakuyafikia.

Nimeshawahi kuambiwa mambo mengi na watu wakiwa wamesimama kando ya gari na mimi nikiwa chini yake. Nadhani ni rahisi kusema kitu ukiwa huoni uso. Mama naye alianza kusema. Alinieleza jinsi mzee alivyokuwa anasimama nyuma yake, miguu juu ya chuma cha kufungia jembe, akishika mabega yake wakati wa kukata kona. Usukani ulikuwa umeshaanza kulegea wakati huo. Mzee alimwambia asipigane nao, aupe nafasi yake kwanza, auzungushe mapema kabla ya kufika mahali anapotaka kugeukia. Nilikuwa nakwangua uchafu kwenye nati, na sikutaka anyamaze.

Kuchomoa ncha ya tairodi iliyoshika kutu ni kazi ya nyundo mbili. Nyundo nzito unaiegemeza upande mmoja wa tundu, na nyingine unapiga upande wa pili, mpaka chuma kishtuke kiachie. Hiyo nayo inataka mikono zaidi ya miwili. Aliteremka bila kuombwa. Swali likawa jinsi ya kumpa nyundo, maana kupeana kitu mkono kwa mkono na mama mkwe ni jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Niliiweka juu ya gunia lililokuwa katikati yetu. Yeye akaiokota kutoka kwenye gunia. Alipomaliza akairudisha pale pale, nami nikaiokota. Kazi yote ya siku hiyo ilipitia kwenye lile gunia, spana, pini, kitambaa cha kufutia, hata kikombe cha chai.

Ncha ya kulia ilitoka upesi. Ya kushoto ilitusumbua. Na kwenye kingpini ndipo nilipofanya kosa ambalo fundi wa umri wangu hapaswi kulifanya. Jeki nilikuwa nimeiweka juu ya udongo mtupu, udongo ule mwekundu wa mchanga mchanga, bila ubao chini yake. Nilishakemea watu kwa jambo hilo katika gereji yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeingiza mkono hadi kiwikoni kati ya ekseli na rimu, natafuta mahali bushi imeshika, na nilikuwa naangalia ndani ya tundu, si jeki.

"Toa mkono, mwanangu."

Hakupiga kelele. Nilitoa mkono kwa sababu ya ile sauti, kabla sijajua ni kwa nini. Jeki ikazama, ikalala upande, na pua ya trekta ikashuka ikagonga chini. Vumbi lilipotulia nilikuwa nimekaa, mkono wangu nimeukumbatia kifuani kana kwamba umevunjika, ingawa haukuwa na hata mkwaruzo. Mama alikuwa ameshatupa jiwe chini ya ekseli, la pili alikuwa nalo mkononi. Tuliangaliana. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi kuuona uso wake kwa karibu. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kulia, sikuwa nalijua. Kisha akageuka akaenda nyuma ya ghala kutafuta ubao.

Aliporudi aliuweka chini na kuukanyaga ukakaa sawa. Niliomba msamaha. Alisema mzee naye aliwahi kuangusha trekta hiyo hiyo kwa jeki, na alikaa siku mbili bila kutaka mtu alitaje jambo lile. Nilicheka. Naye akacheka, akiwa amejiziba mdomo kwa upande wa kitambaa.

Mchana nilirudi Kabati na vile vyuma kwenye gunia. Kuna mzee hapa mwenye mashine ya kukereza, mtu mkimya sana, ambaye ukimpa kitu kilicholika anakiangalia kwanza kama anayesoma barua. Alinikerezea bushi mpya kutoka kwa kipande cha shaba, akazijaribu kwenye kingpini mara nyingi, akipunguza kidogo kila mara, mpaka zikaingia kwa kusukumwa na kiganja. Ncha za tairodi za trekta ile hazikupatikana mahali popote. Nilizunguka maduka ya vipuri na ile ya zamani mfukoni, nikapata za gari dogo zenye kichwa cha unene ule ule, na uzi wake, ile mikato ya kufungia nati, nikautengeneza ukae. Siku ya tatu nikavuka Athi tena.

Safari hii nilikuta ubao umeshawekwa chini ya mahali pa jeki. Viti vilikuwa viwili.

Tulifanya kazi asubuhi yote. Nilimwonyesha nipo za grisi, vile vichuchu vidogo vya chuma ambavyo pampu hukaa juu yake, na nikamwachia yeye mwenyewe apige pampu mpaka grisi mpya ikachungulia pembeni. Alipenda kazi hiyo. Alirudi kwenye kila kichuchu mara mbili. Mwishoni tulipima kwa uzi nafasi kati ya magurudumu mawili ya mbele, yeye ameshika ncha moja mimi nyingine, upande wake wa mbele kwanza halafu wa nyuma. Nikamweleza kwamba mbele panatakiwa pawe pembamba kuliko nyuma kwa unene wa kidole chembamba, ili trekta ishike njia yake. Akauliza kidole cha nani. Nikasema changu, na akautazama mkono wangu, akasema basi hicho si chembamba.

Nilishika usukani nikaujaribu. Uligeuka mkononi na magurudumu yakageuka nao wakati ule ule. Nilijisikia vizuri, siwezi kuficha. Nilishuka nikamwambia tayari.

Aliipeleka kwenye tuta la kwanza, akashusha jembe, akaanza. Majirani wawili waliokuwa wakitengeneza ua walisimama kutazama. Trekta ilikwenda hatua kumi, ikakata kushoto, ikarudi kulia, ikakata tena. Mfereji aliouacha nyuma ulikuwa umejipinda kama uliochorwa na mtu mgonjwa. Alifika mwisho, akageuka, akajaribu wa pili. Ukatoka mbaya kuliko wa kwanza. Mmoja wa wale majirani akasema kitu, mwenzake akacheka. Mama akazima injini, akashuka, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaingia jikoni.

Nilibaki nimesimama pale. Nilifikiri nimefunga kitu kinyume. Nilipanda mwenyewe nikalima mstari mmoja, ukatoka umenyooka. Ndipo nikaelewa. Kwa miaka mingi mikono yake ilikuwa imezoea ile robo ya bure. Alikuwa anageuza mapema na anageuza sana, kama alivyofundishwa, na sasa kila alichogeuza kilikuwa kinasikika papo hapo.

Nilienda hadi mlango wa jikoni. Sikuwahi kufika pale. Nilisimama nje, nikamwambia, nikiwa natazama ukuta, kwamba trekta ni nzima na yeye hana kosa, ila mikono bado inaendesha ile ya zamani. Alikuwa ameketi kando ya moto. Nikaongeza kwamba kama anataka, naweza kulegeza nati kidogo, nirudishe sehemu ya ile hali aliyoizoea, ili amalize msimu huu.

"Usiilegeze," akasema. Kisha akasema, polepole zaidi, "Ile nilifundishwa na yeye. Hii nitafundishwa na nani?"

Mimi ni fundi wa vyuma. Nilimwambia kwamba kusimama nyuma yake siwezi, lakini naweza kutembea kando ya gurudumu la mbele.

Tukatoka. Alipanda, akaweka kofia sawa, akawasha. Nilitembea upande wa kushoto, upande wa ukingo, mkono wangu nimeunyoosha mbele ya gurudumu, na kila alipotaka kugeuza mapema nilimwambia bado, bado, sasa. Tuta la kwanza tulilimaliza hivyo, na la pili. Viatu vyangu vilijaa udongo. Majirani waliacha ua wao kabisa wakaja kukaa. Kwenye tuta la tatu nilimwambia bado, naye akasema najua, na mstari ukatoka umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye la nne sikusema kitu. Nilisimama katikati ya shamba nikamwacha aende, na trekta ikawa inashuka na kupanda, jembe likifungua ule udongo mwekundu, yeye amekaa wima kama mtu aliye kanisani.

Mvua ilinyesha siku nne baadaye. Alinipigia mimi mwenyewe kuniambia, si mke wangu. Alisema ndengu zimeshaingia ardhini na kwamba kwa akina mama wa kanisa amebakiza kipande kidogo. Baada ya hapo alizoea kunipigia. Mwanzoni ilikuwa habari za grisi tu. Baadaye akawa ananiuliza maoni yangu kuhusu mambo mengine, ndoa ya mtoto wa dada yake, kisima, mgogoro uliotokea kwenye kwaya. Mke wangu alikuwa akitusikia, anatikisa kichwa, anasema sasa mimi ndiye mtoto wa mama, na yeye ndiye amekuwa mkwe.

Alilima misimu mitano mingine. Kisha goti lilimkatalia kupanda, na baada ya goti, macho. Trekta ilikaa ghalani mwaka mzima, nami nilikuwa nikienda kuiwasha tu isife. Mwishowe alimpata mtu wa Matiliku aliyeitaka, mkulima wa machungwa, akaniomba mimi niipeleke. Ningeweza kuipakia kwenye lori, lakini niliomba niiendeshe.

Niliondoka Tawa asubuhi na mapema nikafika Matiliku karibu saa nane mchana. Jua lilikuwa kali na lori zilinipita zikinifunika vumbi. Watu wengi njiani waliijua ile trekta kabla ya kunitambua mimi; mama mmoja aliyekuwa akiuza maembe alinisimamisha kuuliza mwenyewe yu hali gani. Nilimwambia ni mzima, ila amestaafu. Usukani ulikuwa mwepesi mkononi, wala haukunivuta upande wowote. Yule mkulima aliponiuliza kama kuna kitu cha kuangalia, nilimwonyesha nipo za grisi moja moja, nikamwambia siku ni Jumamosi. Alidhani nina sababu ya kifundi.

Nilirudi Tawa kwa pikipiki ya kukodi jua likizama. Mama alikuwa ameketi nje ya jikoni, anachagua mawe kwenye mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi. Aliniuliza kama ilinisumbua njiani. Nikasema hapana, ilikuja vizuri. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchagua, na baada ya muda akasogeza ungo upande wangu kidogo ili nami nisaidie. Tulichagua mpaka tukaacha kuona mawe, huku ananiuliza habari za mitihani ya watoto.